Ruhusa ya Kudharauliwa

Muhula uliopita nilihudhuria mkutano wa wazazi katika shule moja ya sekondari hapa Nakuru, nikiwa mlezi wa mpwa wangu. Ajenda ilikuwa ile ya siku zote: matokeo, nidhamu, basi. Basi lenyewe tumelichangia muhula baada ya muhula na bado halijaingia langoni. Mama mmoja aliyeketi safu ya nyuma, karibu na mlango, aliinua mkono, akapewa maikrofoni shingo upande, akauliza swali ambalo nusu ya ukumbi tulikuwa tumelimeza: pesa zilizokwisha kuchangwa ni ngapi, na ziko wapi? Mwenyekiti wa wazazi hakujibu. Alivua miwani, akamtazama, akasema, "Na wewe mama, karo ya muhula huu umemaliza?" Ukumbi ukaangua kicheko. Mama akarudisha maikrofoni, akakaa, na hakufungua mdomo tena mpaka sala ya kufunga.

Mambo kama hayo ni ya kawaida mno kwetu, na peke yake yasingenifanya nishike kalamu. Kilichonikera kilikuja wakati wa chai. Bwana mmoja niliyekuwa nimeketi naye, mtu wa kuendesha semina za uhamasishaji katika hoteli za mjini, aliuma andazi, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema tatizo la yule mama ni kwamba hajithamini. Hakuna mtu anayeweza kukudharau, alisema, bila ruhusa yako. Wenzetu mezani wakaafiki, mmoja hata kwa amina. Sikupata la kumjibu pale pale, kwa hiyo namjibu hapa, mahali ambapo hawezi kunikatiza.

Maana za maneno zisitucheleweshe. Haiba ni ile namna ya kudumu ambayo mtu anafikiri, anahisi na kutenda. Kujithamini ni hukumu anayoitoa juu ya thamani yake mwenyewe. Vitabu vyote husema hivyo au karibu na hivyo, na sina ugomvi navyo. Ninachotaka kujua ni mahali hukumu hiyo inapotolewa, na nani wengine wameketi kwenye benchi la majaji.

Yule mama namfahamu. Anauza viazi katika soko la Wakulima. Malori ya Molo yakiingia alfajiri, yeye ni miongoni mwa wa kwanza kuyazunguka. Akilitazama gunia la lumbesa, hata kabla hajaligusa, anakwambia vikubwa vimepangwa juu na vidogo vimefichwa katikati. Dalali akibisha, anaamuru limwagwe chini, na linamwagwa. Ni mweka hazina wa chama cha akina mama wa soko, na wako wanaume ambao wanaliogopa daftari lake kuliko wanavyomwogopa chifu. Sasa niambie, mtu huyu ana haiba gani? Ni mkali au mpole? Anajiamini au hajiamini? Yule bwana wa semina alimwona kwa dakika moja, tena dakika mbaya, akampa hati ya ugonjwa.

Mwaka 1968 mwanasaikolojia Mmarekani Walter Mischel alichapisha kitabu kilichowaudhi wenzake kwa kuuliza swali la aina hii. Alipitia tafiti zilizojaribu kutabiri matendo ya watu kutokana na alama walizopata katika vipimo vya haiba, akakuta uhusiano ni dhaifu. Mgawo wa uwiano kwa kawaida haukuvuka 0.30. Mtu anayeitwa mkimya kwenye karatasi anaweza kuwa msemaji mkubwa akibadilishiwa chumba. Wengi walimwelewa kana kwamba amesema haiba haipo. Baadaye, mwaka 1995, yeye na Yuichi Shoda waliliweka wazo hilo vizuri zaidi: kinachodumu ndani ya mtu ni mpangilio wa "ikiwa hivi, basi vile". Ikiwa yuko mbele ya dalali, anafoka. Ikiwa yuko mbele ya mwalimu mkuu, ananyamaza. Yote mawili ni yeye, na anayemjua kweli ni yule anayejua kinachombadilisha. William James wa Chuo Kikuu cha Harvard alikwisha kulikaribia jambo hili mwaka 1890 aliposema kwamba mtu ana nafsi za kijamii nyingi kama walivyo wengi watu wanaomtambua. Muuza viazi yeyote angemwambia hivyo bila kwenda Harvard.

Hata mji huu wetu ulingoja kutambuliwa. Tulikuwa hapa na reli yetu, na benki zetu, na msongamano wetu wa magari, lakini hatukujiita jiji mpaka tarehe 1 Desemba 2021, Rais Uhuru Kenyatta alipotukabidhi hati. Siku iliyofuata mashimo ya barabarani yalikuwa yale yale, ila watu walitembea wamenyoosha mgongo. Sikumsikia mtu yeyote akisema Nakuru ilipaswa kujithamini yenyewe bila kungoja karatasi.

Pingamizi za haki zipo. Wako watoto waliolelewa nyumba moja, sufuria moja, mmoja akawa msemaji na mwingine wa kujificha nyuma ya mlango, kwa hiyo maumbile yana fungu lake, nami nakubali. Na anayesema kwamba thamani ya mtu ikitegemea wengine basi dhalimu anaweza kuifuta, nitamwelekeza kwenye Kifungu cha 28 cha Katiba ya 2010, kinachomtambulia kila mtu heshima ya kuzaliwa nayo. Mimi naongea juu ya jinsi mtu anavyojiona, jambo ambalo hakuna katiba inayoweza kuliamuru. Hayo yatoshe. Turudi kwa bwana wa andazi.

Kauli yake ina ukoo mrefu. Siku hizi hunasibishwa na Eleanor Roosevelt, mke wa rais wa Marekani, na utaikuta kwenye kalenda, kwenye vikombe vya zawadi, na katika hotuba za kufunga mwaka. Lakini mzizi wake uko kwa mwanafalsafa Epictetus, aliyefundisha karibu miaka elfu mbili iliyopita kwamba anayekutukana hakuumizi yeye, ila maoni yako mwenyewe kwamba umeumizwa ndiyo yanayokuumiza. Epictetus alikuwa mtumwa. Wale wanaomnukuu wakiwa wamevaa suti hupenda kuliruka jambo hilo, nami naliona kuwa ndilo kubwa kuliko yote. Mtumwa ambaye hawezi kuondoka, hawezi kushtaki, hawezi kurudisha kofi, amebakiwa na mlango mmoja tu wa kufunga, ule wa ndani, na akiufunga namvulia kofia. Isitoshe, Epictetus alidai gharama kamili: usitamani cheo, usitamani mali, usitamani hata kusifiwa na wanafunzi wako. Wenzetu wa semina wamechukua nusu iliyo tamu na kuiacha iliyo chungu. Tena wameligeuza neno. Alilisema mtu aliyewahi kuwa mtumwa. Wao wanalisema kwa niaba ya bwana, wakimwambia aliyepigwa kofi kwamba mkono haukuwa na uzito mpaka yeye alipouruhusu.

Tuitazame hiyo ruhusa. Kuruhusu ni kuwa na uwezo wa kukataa. Mtu anayekukaribisha chai amekupa nafasi ya kusema la. Kicheko cha ukumbi mzima hakikuombi kibali kabla ya kukufikia. Na siku chache baadaye nilipopita sokoni na kumwambia yule mama kwamba mwenyekiti alimkosea, alinijibu huku akipima debe la mteja mwingine: "Mwalimu, ningeendelea kusema, na Jumatatu mtoto wangu angelala wapi?" Alikuwa anadaiwa karo, kama wanavyodaiwa wengi, na anajua kwamba orodha ya wanaorudishwa nyumbani huandikwa na binadamu. Alipiga hesabu ndani ya sekunde mbili, mbele ya watu, hesabu ambayo mimi ningeifanya vibaya zaidi. Bwana wetu akaiona hesabu hiyo akaiita upungufu wa kujithamini.

Lakini tuseme ameshinda hoja. Tuseme mama alikuwa na ngome ndani ya kifua, kicheko kikagonga ukutani na kuanguka, naye akakaa chini akiwa mtulivu kabisa, akijipenda. Nini kingebadilika? Swali lake halikujibiwa. Halikuingia kwenye kumbukumbu za mkutano. Nilizisoma, zinasema wazazi walijadili suala la basi kwa kirefu. Alichopoteza siku ile hakikuwa hisia. Alipoteza nafasi ya kusikilizwa, na nafasi hiyo ilikuwa mali ya ukumbi, haikuwa moyoni mwake hata aweze kuilinda kwa kuvuta pumzi na kuhesabu mpaka kumi. Hapa ndipo ninapoona ujanja wa kauli hii. Inachukua jambo lililotendeka hadharani, lenye mtenda na mtendwa na mashahidi, inalihamishia faraghani, ndani ya mtu mmoja, yule yule aliyetendwa. Kisha inamtoza ada ya semina ili akalirekebishe.

Kuna jambo la tatu, na hili watafiti wamelieleza vizuri. Mark Leary na wenzake walipendekeza mwaka 1995 kwamba kujithamini ni kifaa cha kupimia: kazi yake ni kumpa mtu taarifa ya jinsi anavyokubaliwa au kukataliwa na watu anaowahitaji, kama vile geji ya mafuta inavyompa taarifa dereva wa matatu anayepandisha Salgaa. Sindano ikishuka inauma, na inapaswa kuuma, kwa maana mtu anayetengwa yuko hatarini. Ukiikubali picha hiyo, kwa sehemu tu, utaona upuuzi wa kumfundisha mtu aisukume sindano kwa kidole mpaka isome "imejaa". Geji ya yule mama haikuwa mbovu. Ilisoma sawasawa kilichokuwamo ukumbini.

Wamarekani walilijaribu hilo la kidole, tena kwa fedha za umma. Mwaka 1986 jimbo la California, kwa msukumo wa mbunge wake John Vasconcellos, liliunda jopo la kukuza kujithamini, likiamini kwamba uhalifu, mimba za utotoni, ulevi na kufeli shuleni vyote vingepungua watu wakijipenda zaidi. Ripoti ilitoka mwaka 1990. Mwaka 2003 Roy Baumeister na wenzake walipokusanya ushahidi wa miaka mingi, walikuta kumpandisha mtoto kujithamini hakumpandishi alama. Mara nyingi mambo huenda kinyume, mtoto akifaulu ndipo anapojiona wa maana. Miaka ya kununua mabango ya "mimi ni wa kipekee", na kumbe ingetosha kuwafundisha hesabu. Dodoso lenyewe linalotumika zaidi duniani kupima jambo hili, lile la Morris Rosenberg la mwaka 1965, lina sentensi kumi tu, na lilitungwa kwa ajili ya vijana wa sekondari wa jimbo la New York. Mjibu yuko peke yake na kalamu. Hakuna sentensi inayouliza ni nani aliyekuwa chumbani.

Na mhubiri mwenyewe je? Mwisho wa mkutano ule niliona kitu ambacho kimenifurahisha kuliko inavyostahili. Mwalimu wa zamu alipokuwa akiwashukuru wageni alilitaja jina la bwana wetu bila cheo chake, akamwita "mzazi mwenzetu" tu. Bwana alinuna. Alimfuata mwalimu mpaka kwenye gari, akamweleza kwa sauti ya chini kwamba yeye ni kochi aliyeidhinishwa na kwamba taarifa zilikuwa zimetumwa mapema. Simlaumu, ningekuwa yeye pengine ningenuna. Lakini ningependa kujua ruhusa ile aliitoa saa ngapi.

Enzi za ukoloni, wenye mashamba wa Kizungu wa Njoro, Molo na Naivasha wangeipenda sana falsafa hii kama wangeletewa. Sheria ya mwaka 1918 ilimfunga skwota wa Bonde hili la Ufa kumfanyia mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kukaa na kulima kijishamba chake. Kuanzia mwaka 1920 mwanamume wa Kiafrika alilazimika kubeba kipande, hati yenye alama za vidole vyake na maandishi ya waajiri wake, ndani ya kijisanduku cha chuma kilichoning'inia shingoni. Mzee mwenye wajukuu aliitwa "boi" na kijana asiyemfikia umri hata nusu. Tumpeleke basi mhamasishaji wetu katika kambi moja ya vibarua ya wakati ule, tumpe kiti, awaambie hakuna anayeweza kuwadharau bila ruhusa yao. Wazee wangemsikiliza kwa adabu. Wengi wao, naamini, hawakujidharau hata siku moja. Walikuwa na rika zao, dini zao, watoto waliowaamkia asubuhi kwa jina la heshima, na hayo yaliwashikilia. Hata hivyo kijisanduku kilibaki shingoni. Harry Thuku alipoanza kukipinga mwaka 1921 aliunda chama na kuwakusanya watu, na ilichukua zaidi ya miaka ishirini ya malalamiko, mikutano na migomo kabla ya kipande kuondolewa.

Sasa nikitaja Njoro siwezi kujizuia kumtaja Lord Egerton. Mtaniwia radhi, ni mtu ninayemfikiria mara kwa mara kuliko anavyohusika. Maurice Egerton, baroni wa nne wa Tatton, alikuwa na kila kitu ambacho dodoso lingekitafuta: ukoo, ardhi, fedha, hata sifa ya kuwa miongoni mwa Waingereza wa kwanza kurusha ndege. Mwaka 1938 alianza kujenga kasri pale Ngata, jiwe juu ya jiwe, vyumba zaidi ya 50, ukumbi wa dansi ukiwamo. Vita Vikuu vya Pili vikamsimamisha. Alimaliza mwaka 1954, akafa mwaka 1958, bila mke. Hadithi wanayosimuliwa wageni, na ambayo kila mtoto wa Nakuru aliyewahi kupelekwa ziara ya shule anaijua, ni kwamba kuna mwanamke aliyempenda, naye mwanamke akaitazama nyumba yake ya kwanza, ambayo ilikuwa ya kawaida, akaifananisha na banda la kuku. Basi akajenga kasri. Mwanamke akaliona na kasri, akasema linafanana na makumbusho, akaenda zake kuolewa na mwingine. Kuanzia hapo, inasimuliwa, Lord hakutaka kumwona mwanamke yeyote katika ardhi yake.

Sijali sana kama kila kipande cha hadithi hiyo ni kweli. Ninachokitazama ni jinsi tunavyoisimulia. Neno moja la mtu mmoja lilimwingia bwana mkubwa mpaka kwenye mfupa, akalijibu kwa miaka 16 ya mawe, na hakuna kiongozi wa ziara anayesimama pale mlangoni na kusema masikini, hakujithamini, alitoa ruhusa. Tunalipa kiingilio. Tunapiga picha za arusi kwenye bustani yake. Unyonge wa tajiri umepewa jina la mapenzi na kuezekwa paa. Unyonge wa muuza viazi umepewa jina la ugonjwa. Na ukitaka kujua kama kujithamini kunaweza kuwekwa akiba, kutunzwa kabatini kama fedha, mtazame mtu aliyekuwa na fedha zenyewe. Namwonea huruma Lord, kusema kweli, licha ya ardhi. Tena aliacha kitu cha maana: shule ya kilimo aliyoianzisha mwaka 1939, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Egerton. Ilikuwa ya vijana wa Kizungu. Pengine angeshtuka kuona ni nani wanaoketi kwenye madarasa hayo sasa, na wangapi kati yao ni wanawake. Lakini nimekwenda mbali.

Akibanwa, mtu wa semina hana budi kumtoa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, na hapo lazima nikae sawa. Maathai ni wetu kidogo. Miaka ya 1940, akiwa mtoto, aliishi na wazazi wake kwenye shamba la mzungu karibu na Nakuru, ambako baba yake alikuwa mfanyakazi. Mwaka 1989, alipopinga jengo la orofa 60 lililokusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru, wabunge walimcheka ndani ya Bunge, wakaitaja mpaka talaka yake. Shirika lake likafukuzwa ofisini. Yaani swali halali likajibiwa kwa kicheko na kwa mambo ya nyumbani kwa mwulizaji. Mbinu ile ile, ukumbi mkubwa zaidi. Naye hakunyamaza. Jengo halikujengwa, na mwaka 2004 dunia ikampa Tuzo ya Nobel ya Amani. Si ndiyo hayo, anasema bwana wetu, hakuwapa ruhusa!

Ninajibu kwamba Maathai alikuwa na mahali pengine pa kusimama. Alikuwa na shahada ya uzamivu tangu 1971, alikuwa na marafiki ng'ambo, na juu ya yote alikuwa na maelfu ya wanawake wa vijijini wenye mikono ya udongo ambao kwao yeye hakuwa kichekesho. Wabunge walikuwa ukumbi mmoja. Yeye alikuwa na kumbi nyingine. Muuza viazi wetu ana soko lake na chama chake, na ndiyo maana hakuvunjika. Ila katika shule ile hana wa kumwita. Jibu hili naliona ni zuri. Halitoshi. Maana kulikuwa na watu wengine wenye shahada na marafiki mwaka ule wa 1989, na walikaa kimya, wakasoma magazeti. Kuna salio ndani ya mwanamke yule ambalo nikijumlisha kumbi zake zote silipati.

Mwanateolojia John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alimweka mtu ndani ya jamii kabisa, akafundisha kwamba mmoja yupo kwa sababu wengine wapo. Kwa hoja yangu huyo ni shahidi mzuri mno, na shahidi mzuri mno hunitia wasiwasi. Kwa sababu ukumbi ule nao ni jamii. Kama mimi nipo kwa sababu yao, basi na kicheko chao ni sehemu ya kuwapo kwangu? Henry Odera Oruka, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, hakuridhika na picha ya jamii inayofikiri kwa kichwa kimoja. Alizunguka vijijini akiwahoji wazee, akawatenga wale waliokuwa wakirudia hekima ya kabila na wale waliokuwa tayari kuipinga, akayachapisha mahojiano hayo mwaka 1990. Hao wa pili ndio wanaonisumbua. Mzee asiyejua kusoma, ambaye hajawahi kutoka wilayani kwake, anayesema mbele ya wote kwamba wote wamekosea, amepata wapi kibali cha kujiona sawa? Hakupewa na ukumbi. Hakupewa na semina. Ukisema alizaliwa nacho, umerudi kwenye maumbile. Ukisema alikipata kwa babu yake, umerudi kwenye ukumbi, ukumbi wa zamani tu uliokwisha kufa. Nimeligeuza jambo hili kila upande na halikai.

Na wale waliocheka je? Hilo limenirudia usiku kuliko yote. Niliketi mahali pa kuwaona. Waliocheka kwa sauti kubwa zaidi hawakuwa safu ya mbele, ambako karo hulipwa kwa hundi. Walikuwa safu za katikati na za nyuma, watu ninaojua kwamba na wao wana salio. Mwanafalsafa Rousseau aliandika mwaka 1755 kwamba balaa lilianza pale watu walipoanza kutazamana na kila mmoja akataka kutazamwa. Angeketi nami pale asingeshangaa. Kwa sekunde chache kila aliyecheka alikuwa mzazi aliyemaliza karo. Geji zao zilipanda, na mafuta yalitoka kwenye tangi la mama mmoja. Bwana wa semina atasema nao wajithamini zaidi ndipo hawatahitaji kucheka. Huenda. Lakini sijaona hoteli inayofanya semina ya wachekaji, na sijaona mwenyekiti akitumwa kwa mshauri nasaha kwa sababu hawezi kuvumilia swali la mahesabu.

Kwa hiyo ninyi mnaosomea saikolojia na ushauri nasaha pale Egerton, Njoro, mkija tena na madodoso yenu katika shule za Nakuru, msiyagawe safu ya nyuma peke yake. Anzeni na meza kuu.